Jiko Lililozimika Kila Maharagwe Yakichemka

Wadogo zangu wa karakana,

Tangu niwaachie meza yangu, mmekuwa mkinipigia simu kuniuliza habari za majiko ya kioo, haya yanayowashwa kwa kuguswa na kidole. Jiko linazimika lenyewe, linalia, linawasha herufi na tarakimu, tufanyeje, Mama Masika? Nimejibu kwenye simu mpaka sikio limepata joto. Sasa nimeamua kuandika, kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na linapita kwa watu kwanza kabla ya kufika kwenye waya. Mnivumilie. Mtu aliyeishi akizungumza na mashine, siku akipata wa kumsikiliza hanyamazi upesi.

Tena niseme kweli: ninaandika kwa sababu ninaitamani kazi yangu. Majirani hapa mtaani Nyakasanza, Bunia, wakinipita wananiambia, "Mama Masika, pumzika sasa, ulisha choka." Nani aliwaambia nimechoka? Macho ndiyo yaliyochoka, hayaoni tena vitu vidogo. Mimi mwenyewe sijachoka hata kidogo. Asubuhi naamka na mikono inatafuta bisibisi. Juzi nilifungua redio yetu ya jikoni ambayo haikuwa na ugonjwa wowote, nikaisafisha, nikaifunga, ikaendelea kusema yaleyale. Mume wangu akauliza kama ilikuwa imeharibika. Nikamjibu kwamba haikuharibika, tulikuwa tunasalimiana tu.

Kazini niliingia kwa mlango wa mteja. Nilikuwa bibi arusi mgeni mjini, tumetoka Butembo, na pasi ya umeme ya mama mwenye nyumba ilikuwa imekufa mikononi mwangu. Nikaipeleka karakana ya Papa Ngabu kwa hofu kubwa, nikitaka itengenezwe kabla mwenyewe hajaulizia. Ninyi hamkumkuta Papa Ngabu. Alikuwa mtu wa Djugu, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alikuwa hacheki haraka. Alinikalisha kwenye benchi akaniuliza ninapiga pasi wapi, juu ya meza au juu ya kitanda, nguo zikiwa zimelowa kiasi gani, na nani aliitumia kabla yangu. Nilidhani ni polisi.

Alipoifungua nilisogea karibu. Nikauliza hiki ni nini, na hiki je, na kwa nini kile kimekuwa cheusi. Akavua miwani akanitazama.

"Weye mama," akasema, "ulikuja kutengenezesha pasi, ao ulikuja kunipa examen?"

Kesho yake nilirudi kuuliza lingine nililokuwa nimelifikiria usiku. Niliporudi tena, alinipa ufagio. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kazi. Nilifagia, nikachambua skrubu kwa ukubwa wake kwenye makopo ya maziwa, nikasafisha vumbi jekundu la mji huu ndani ya kila kitu kilicholetwa. Baadaye akaniachia majiko madogo ya waya, yale tuliyoyaita reshoo, ambayo waya wake ukikatika unaunganishwa tena na maisha yanaendelea. Wateja wengi walinikuta mezani wakaniuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Papa Ngabu alikuwa anajibu kutoka nyuma bila kuinua kichwa: "Fundi ni huyu. Mie niko mulinzi."

Benchi lile la wateja mnalijua, bado lipo, ingawa siku hizi mnalijazia maboksi. Lilikuwa chombo chake cha kwanza. Hakugusa mashine kabla mwenyewe hajaketi akaeleza: ulipika nini, mvua ilinyesha, kuna mgeni nyumbani, nani alisafisha? Watu walichukia. Wengi hujibu neno moja, "Ilizima yenyewe." Papa Ngabu alikuwa anawaambia mficha uchi hazai, kisha anangoja. Bwana mmoja aliapa kwamba frigo yake ilikufa usingizini, na huku tundu la kisu lilikuwa linaonekana wazi mahali alipokuwa anachimba barafu. Alipoonyeshwa alisema pengine ni panya. Papa Ngabu akamwambia basi panya huyo anunuliwe uma wake, aache kutumia visu vya watu.

Alinifundisha pia kunusa. Rangi ya koili ikiungua ina harufu yake, plastiki ina yake, na mende aliyejificha kwenye joto la mashine akaungua humo ana harufu ambayo mtu akishaijua haisahau. Alinifundisha kufunga mpini wa bisibisi kwa mpira wa tairi la baiskeli, kutumia kioo cha pikipiki kuona nyuma ya kitu bila kukitoa, na kupangusa vumbi kwa unyoya wa kuku kabla ya kutumia kitu kigumu. Unyoya hauchubui. Ninaandika haya na ninatamani kukaa mbele ya meza ile walau asubuhi moja, chuma cha kulehemu kimepata moto, moshi wake mdogo unapanda, na yeye anakoroma maneno yake upande wa pili. Sikujua kwamba nilikuwa ninafurahi. Nilidhani ninafanya kazi.

Kisha yakaja majiko ya kioo. Jiko la zamani lilikuwa na kitufe cha kuzungusha, unasikia linavyolia "tak," unajua limeitika. Haya mapya ni kioo cheusi kitupu. La kwanza lilipoletwa, Papa Ngabu alilipangusa kwa kiko cha mkono akauliza, "Hii ni meza ao ni jiko?" Alikuwa amekwisha kuzeeka. Alisogeza kiti chake kando, akaniambia mashine inayobembelezwa kwa kidole ni yangu, yeye abaki na zile zinazopigwa kofi. Tangu siku hiyo majiko hayo yakawa yangu, nikajifunza nayo kwa kuyafungua na kuyafunga.

Kwa hiyo, haya ndiyo mnayoniuliza. Anzeni na kuranti, yaani umeme wenyewe, maana wa kwetu unapanda na kushuka, na wa jenereta ni mbaya zaidi. Pimeni waya wa ukutani kabla ya kulilaumu jiko. Halafu ufungueni mgongo wa jiko mtazame utepe wa nyaya unaounganisha sehemu ya kugusa na karte, yaani kile kibao cha kijani chenye akili yote. Utepe ukilegea, jiko linakuwa kiziwi. Kisha tazameni vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya karte, kama vimevimba kichwa. Kisha wadudu. Na ile herufi inayowaka juu ya kioo msiiamini sana: inawaonyesha mahali mgonjwa anaposhika akisema hapa panauma, lakini mtu mwenye njaa naye hushika tumbo. Karte mpya ndiyo dawa ya mwisho, ninyi mnaifanya ya kwanza. Nawajua.

Papa Ngabu alikufa kabla sijapata kesi ya Mama Lotsove. Ninasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu katika kesi zangu zote hiyo ndiyo ambayo ningetaka tuwe naye.

Mama Lotsove ni mjane wa mtaa wa Mudzipela. Watu wa ukoo wake walikuwa wafugaji upande wa Djugu kabla nyakati mbaya hazijawaleta mjini. Kifua chake kilikuwa kibovu, na daktari alikuwa amemkataza kabisa moshi wa makala, yaani mkaa. Ndipo mwanawe Faustin, aliyekuwa anasafiri na wafanyabiashara hadi Kampala, akamletea jiko la kioo la kuweka juu ya meza, lenye macho mawili ya moto. Alilifunga mwenyewe, akamfundisha mama kugusa. Baadaye akaondoka kwenda upande wa Djugu kuangalia ng'ombe waliobaki. Hayo yote niliyajua baadaye. Mwanzoni nilichojua ni kwamba dada mmoja mwembamba anayeitwa Neema, binti wa nyumba hiyo, alishuka kwenye taximoto mbele ya karakana akiwa amekumbatia jiko lililofungwa ndani ya blanketi.

"Mama Masika, hii jiko iko nachokesha siye," alisema akiwa bado hajaliweka chini. "Ukiweka chai, inapika muzuri. Ukiweka maharagi, inaanza vizuri, kisha inalia ti-ti-ti, inazima."

"Kila siku?"

"Kila siku ya maharagi."

Tulicheka. Tulisema labda jiko halipendi maharagwe. Tulilipima kuranti, tukachemsha maji, yakachemka bila neno. Tukanywa chai kwa maji hayo, tukamrudishia. Siku chache baadaye Neema akarudi na blanketi lake. Nikafungua mgongo, nikapima kila kitu kinachopimika, nikakaza utepe, nikapangusa kwa unyoya. Likapika. Akalichukua, akalirudisha. Mnaujua ugonjwa wa namna hii: mgonjwa anayepona akiona mlango wa hospitali. Mwishowe nikafanya kile ninachowagombeza nacho, nikaagiza karte nyingine Kampala. Tuliingoja sana. Nilipoifunga, jiko lilichemsha maji mchana kutwa mezani petu kwa unyenyekevu mkubwa, na Neema akalirudisha nyumbani.

Safari iliyofuata Neema alikuja mikono mitupu. Alisimama mlangoni, hakukaa kwenye benchi.

"Mama alisha rudia makala," alisema. "Iko nakohoa mupaka anakosa kusimama. Daktari alisema moshi ikiendelea, hatuna dawa ingine. Mama Masika, mie sijui tena nifanye nini."

Akaanza kulia pale pale. Niligeuza macho kwenye kiti cha Papa Ngabu, ambacho sikuwahi kumruhusu mtu kukitoa, nikamkumbuka. Yeye asingenunua karte. Angeuliza maharagwe yanapikwa wapi, na nani, na sufuria ipi. Mimi nilikuwa nimeuliza jiko tu. Nikachukua mfuko wangu wa vyombo, nikamwambia Neema twende kwenu.

Tulimkuta Mama Lotsove uani, kwenye kigoda kifupi, akipuliza makala huku ameziba mdomo kwa kitenge. Alinikaribisha kwa heshima zote, kisha akashikwa na kikohozi kilichomkunja mbele. Nilingoja kipite. Nikamwomba anipikie maharagwe kwenye jiko la kioo, kama anavyopika siku zote, asinifanyie kama mgeni.

"Itazima," alisema.

"Nataka nione namna inazima, mama."

Jiko lilikaa kwenye meza karibu na dirisha, safi kuliko vyombo vyote vya nyumba. Aliweka sufuria kubwa, ile ya watu wengi, maharagwe yaliyolowekwa, maji mpaka juu, chumvi tangu mwanzo, akafunika kwa sahani. Mimi nikakaa, mikono mapajani. Kukaa hivyo bila kugusa ni kazi ngumu kuliko kulehemu. Maharagwe yalichukua muda wake. Kisha yakaanza kuchemka, povu likainua sahani, likamwagika mbele ya jiko, penye alama za kugusa. Mama Lotsove akalipangusa mara moja kwa kitambaa chenye maji. Povu lingine, kitambaa tena. Nikaona mstari mwembamba wa maji ukitambaa chini ya kitu pale mbele, polepole, kuelekea kwenye alama. Ulipofika, jiko likalia ti-ti-ti, herufi ikawaka, moto ukazimika.

Kitu hicho kilikuwa nailoni.

Mnajua sisi watu wa Bunia na nailoni. Kitu kipya tunakiacha na nailoni yake kama walivyokivika kiwandani: kiti, frigo, redio, hata usukani wa gari. Kuitoa ni kukizeesha. Faustin alikuwa ameikata kwa wembe kuzunguka macho ya moto ili isiungue, akauacha ukanda wote wa mbele, umenyooka, umeng'aa. Nilikuwa nimeiona tangu siku ya kwanza. Wote karakanani tuliiona, tena tulimsifu Neema kwa utunzaji. Povu la maharagwe yenye chumvi lilikuwa linaingia chini yake na kukaa juu ya alama, na jiko likidhani ni kidole. Kidole kikikaa hapo bila kuondoka, jiko linaogopa kwamba kuna hatari, linazima moto. Hiyo ni kazi yake, linafanya vizuri. Na likipakiwa kwenye taximoto, na upepo, na kukaa karakanani, maji yote yanakauka. Sisi tunalichemshia maji machache ya chai yasiyomwagika, tunasema limepona.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilichomoa kipima umeme changu kwenye mfuko kwa mazoea tu, nikakikuta nacho kimevaa nailoni yake kwenye dirisha la tarakimu, imepauka hadi tatu na nane zinafanana. Nilicheka kwa sauti. Nikasema, "Nimepata!" Nikaingiza ukucha kwenye kona ya ukanda ili niuvute.

Mama Lotsove alinikamata kiganja. Sikujua kama mkono ule una nguvu hivyo.

"Apana," alisema. "Hiyo usiguse."

Nilimtazama Neema, naye akatazama sakafu. Mama Lotsove hakuachia kiganja changu alipokuwa anasema.

"Faustin alisema: Mama, hii nailoni usitoe. Siku nitarudi, nitaitoa mie mwenyewe, tuone kioo yake pamoja. Alisema vile, akaenda."

"Alienda zamani, mama?"

"Si zamani sana," alijibu.

Nyuma yake Neema alitikisa kichwa polepole. Walikuwa wameuliza kila mtu anayetoka upande ule. Hakuna aliyemwona, wala aliyemzika. Nyumbani hapakuwa pamefanyika matanga, wala mtu hakuthubutu kuyataja. Nikaelewa kwamba siku nailoni ile itakapotolewa kwa mikono isiyo ya Faustin, mama huyu atakuwa ametamka kitu ambacho hakikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile.

Nilifanya ufundi wote ninaoujua. Nilikausha chini ya nailoni kwa kitambaa na hewa, nikaziba kingo zake kwa utepe wa kubandika, joto likaubandua. Nilimwomba apike kwa sufuria ndogo, kwenye jicho la nyuma. Alijaribu, lakini wajukuu na majirani wanaokula pale hawatoshwi na sufuria ndogo, naye hakuweza kuwatazama wakilamba sahani. Akarudia makala. Niliwaza kukata nailoni pale penye alama tu. Akauliza kama ninaweza kuirudisha baada ya kukata. Nikasema hapana. Akasema basi.

Neema alinifuata karakanani.

"Siku ya yenga mama iko nakwendaka misa mapema," alisema bila kuniangalia. "Kuja utoe. Tutamwambia ni moto ilitoa. Mie siwezi kuzika mama sababu ya nailoni."

Niliwaza. Kikohozi kile nilikuwa nimekisikia kwa masikio yangu, na alichokitaka binti huyu kilikuwa haki yake. Jumapili ile nilikwenda. Neema alinifungulia mlango, tukaingia jikoni, jiko likiwa limepanguswa na kung'aa. Niliweka ukucha kwenye kona. Nikauondoa. Nilimwambia tungoje.

"Tungoje nini?"

"Mwenye jiko."

Alinikasirikia, akatoka uani, nikabaki peke yangu na mashine ambayo haikuwa na ugonjwa. Mama Lotsove aliporudi na kitenge chake cha kanisani, alinikuta nimekaa mezani. Alitazama jiko kwanza, kisha mfuko wangu wa vyombo.

"Ulikuja kuitoa."

"Nilikuja kukuuliza, mama."

Nilimweleza tena jinsi jiko linavyodhani maji ni kidole. Alisikiliza, akataka kujibu, na kikohozi kikamzuia. Kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyovisikia. Neema alikimbia na beseni, akamshika mgongo, akamfuta mdomo. Kilipotulia, mama alibaki ameegemea meza, mkono wake uko juu ya kioo.

"Neema," aliuliza, "Faustin alileta hii jiko sababu ya nini?"

"Sababu ya kifua yako, mama."

Mama Lotsove akaomba maji. Neema akamletea birika na beseni, akamnawisha mikono yote miwili kama watu wanaotaka kula, na mama akaikausha kwenye kitenge. Hakutaka bisibisi wala wembe wangu. Alishika kona kwa kucha zake, akavuta pole sana, akisimama kila mara kupumzika. Nailoni ilikuwa imeshikana na mafuta, ilitoa sauti ndogo. Ilipofika mwisho, aliikunja mara mbili, akaiingiza kifuani, ndani ya nguo.

Kioo kilichokuwa chini yake kilikuwa cheusi, bila mkwaruzo wala doa. Tulijiona humo wote watatu.

"Iko mupya," alisema. "Ona, Neema. Alitunza mupya."

Alilia, na Neema alilia, na mimi fundi nilijifanya ninatafuta kitu kwenye mfuko. Baadaye tuliweka maharagwe kwenye sufuria ileile kubwa. Tulikaa kwenye viti kuzunguka meza kama watu wanaongoja habari. Yalichemka, povu likainua sahani, likamwagika mbele. Jiko likalia mara moja, Mama Lotsove akapangusa kioo kwa kitambaa kikavu nilichompa, nalo likanyamaza. Povu lilirudi na kupanguswa tena, na moto haukuzimika. Nyumba ikaanza kunuka maharagwe, bila moshi. Mimi nilikuwa nimetengeneza mashine maisha yangu yote, na sijui kama niliwahi kukaa mbele ya moja nikiwa na furaha na huzuni kwa pamoja namna ile.

Ndipo Mama Lotsove akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida:

"Na Faustin akirudi, atatoa nini?"

Aliniuliza mimi. Wateja wameniuliza mengi, na hata pale nisipojua hujibu kitu ili wasiondoke na wasiwasi. Siku ile nilitazama maharagwe tu.

Neema ndiye aliyejibu. "Hatatoa kitu, mama. Atakula. Atakuta chakula imesha iva, atakula."

Mama Lotsove alifunua sufuria, akainama juu ya mvuke, akatazama ndani kwa muda.

"Basi ongeza maji," alisema. "Faustin anakulaka mingi."